Wekundu Mmoja, Maana Mbili

Mwandishi aliyedai kwamba sheria za Ulaya zinamwonea mtu anayeingiza gari kutoka Marekani ametazama gharama ya fundi peke yake. Kwake, taa ikiwaka na kuonekana, yatosha.

Haitoshi.

Nchini Marekani indiketa ya nyuma inaruhusiwa kuwa nyekundu, na katika magari mengi balbu ileile ya breki ndiyo inayopepesa. Ulaya inataka rangi ya chungwa. Dereva anayefuata nyuma wakati wa mvua, anapoona wekundu umewaka ghafla, lazima kwanza akisie: huyu anafunga breki au anakata kona? Na huu si ugomvi wa Ulaya na Marekani. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani yenyewe, ilichapisha mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kuwa indiketa za chungwa hupunguza kugongwa nyuma, kwa takriban 5%, gari linapokata kona, kubadili njia au kuegesha. Mwandishi hakuugusa.

Taa za mbele ni jambo zito zaidi. Gari lililoundwa kwa barabara za Japani, ambako magari hupita kushoto, hata taa zikishushwa hurusha mwanga mbali zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo. Likipelekwa Burundi, ambako hupitwa kulia, mwanga huohuo humpiga machoni dereva anayekuja. Kuziinamisha zaidi hakutibu. Humnyima tu mwenye gari uwezo wa kuona mbali. Zinahitajika taa zilizotengenezwa kwa barabara za kulia, zifungwe kabla gari halijaingia barabarani usiku.