Mwuguzi Mgeni Naye Atunzwe

Ndugu msomaji, kijana wako amemaliza masomo ya uuguzi. Amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na sasa amepata barua ya kazi. Anatakiwa kuripoti hospitalini Dodoma. Wewe uko Bukoba. Nyumbani kuna furaha, na kila mtu anahesabu mshahara ambao bado haujalipwa. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na mwaka 2018 ikawa jiji. Wenye nyumba wengi wa mjini hudai kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja. Tena mtu wa Bukoba amezoea ndizi, na mvua za karibu mwaka mzima. Dodoma atakuta ugali na mlenda, na mvua za msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili. Si mahali pabaya, ila ni pageni.

Sasa fikiri. Ndugu wanapiga simu kila wiki. Huyu anataka ada, yule anataka bati. Mwuguzi anaona haya kukataa. Anapanga chumba cha mbali kwa kuwa ni cha bei nafuu, anakula mara moja kwa siku, anaomba zamu za ziada. Usiku wa manane anatakiwa kupima dawa ya mtoto mchanga. Mwenye njaa na usingizi aweza kusoma 0.5 akaona 5. Hiyo ni dozi mara kumi! Je, mtoto huyo ni wa nani? Ni wa mwananchi kama wewe.

Kwa hiyo mimi nasema: fedha ya kwanza itoke nyumbani kwenda kwa mwuguzi. Wengine watauliza, "Tumemsomesha, asitusaidie?" Atasaidia. Lakini mche hauchumwi kabla haujashika mizizi.

Familia ifanye haya:

1. Impe nauli, kodi na fedha ya chakula ya miezi ya mwanzo.

2. Imhimize apange chumba karibu na hospitali, asitembee mbali usiku.

3. Isimpigie simu mchana anapolala baada ya zamu ya usiku.

Naye mwuguzi ajilinde. Akamilishe chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu katika miezi sita. Akijichoma kwa sindano iliyotumika, asinyamaze kwa kuogopa wakubwa. Aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, kisha atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzwe mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.

Na ninyi wauguzi wenyeji, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni kweli, lakini kwanza mwonyesheni shamba lilipo. Mwelezeni dawa zinawekwa wapi na amwite nani mgonjwa akizidiwa. Akiuliza, msimcheke. Anayechekwa leo, kesho atakisia.

Ndugu msomaji, siku moja nawe waweza kulazwa ugenini. Utapenda upokewe na mwuguzi aliyelala na kushiba. Basi anza na huyu wa kwako.