CV ya mama: kazi isiyo na mshahara nayo ni kazi

  

Leo nina neno la kuungama kwanza, kisha tutaongea juu ya CV.

Miezi michache iliyopita chama chetu kilitafuta mama mmoja wa kushika hesabu za chumba cha kushona. Ni kazi ya nusu siku, mshahara wake mdogo, lakini ni mshahara. Tulipokea dosie 19. Ili mtu asimpendelee shemeji yake wala jirani yake, tulifunika majina, kila dosie ikawa na namba tu. Tukapatana kwamba majina yatafunuliwa mwisho kabisa, na kwamba hakuna atakayerudishwa nyuma ya mlango.

Namba 11 hatukukawia nayo. Ilikuwa ukurasa mmoja: mahali alipozaliwa, ameolewa, watoto 6, amesoma sekondari. Mahali pa kazi paliandikwa hivi: "Bila kazi. Mama wa nyumbani." Tukaiweka pembeni.

Siku ya kufunua majina tulinyamaza wote. Namba 11 alikuwa dada yetu anayeshika daftari la AVEC yetu tangu miaka minne. Kila juma anaandika akiba na mikopo ya watu 25, na hata siku moja hesabu haijakosa faranga mia. Mtu tuliyekuwa tunamtafuta alikuwa mbele yetu. Lakini karatasi yake ilituambia kwamba hajawahi kufanya kitu, na sisi tukaamini karatasi.

Nilikwenda kumwona nyumbani. Nikamwuliza, "Dada, kwa nini uliandika bila kazi?" Akaendelea kugeuza ndagala zake kwenye jua, akanijibu, "Yaya, si kweli? Nani ananilipa?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Wengi wetu tungejibu vilevile.

Anza na daftari, usianze na kompyuta

Tulikaa chini na daftari ya mtoto. Nilimwuliza maswali matano tu kwa kila kazi: Ulifanya nini? Wapi? Tangu lini mpaka lini? Kwa watu wangapi au vitu vingapi? Na nini kilipatikana mwishoni?

Mwanzo alisema hana la kusema. Baada ya saa moja kurasa tatu zilikuwa zimejaa. Tangu 2014 ananunua ndagala asubuhi mitumbwi inaporudi, anakausha, anatuma Bukavu, anaandika mapato na matumizi ya kila safari. Mwaka 2020, wakati wa chanjo ya kipindupindu hapa Uvira, alipita nyumba kwa nyumba kama RECO kueleza watu kwa nini wanywe ile dawa na kwa nini warudi mara ya pili. Na AVEC ni miaka minne.

Sasa tazameni tofauti. Kwenye CV ya kwanza: "Mama wa nyumbani." Kwenye ile mpya:

"Mwandishi wa hesabu wa AVEC yenye wanachama 25, Kalundu, miaka 4 hadi sasa. Kuandika akiba na mikopo kila juma, kufuatilia malipo, kutayarisha hesabu ya kugawana mwisho wa mwaka. Mara nne tumegawana bila pesa kupungua."

Hakuna uongo hata mmoja hapo. Hakuna pia maneno makubwa ya kujisifu. Watu wengi huandika "mimi ni mwaminifu, mwenye bidii, najua kufanya kazi na wengine." Kila mtu anaandika hivyo, hata mwizi. Lakini "mara nne tumegawana bila pesa kupungua" ni jambo ambalo mtu anaweza kuja kuuliza, na akipata jibu ataona uaminifu wenyewe.

Basi mama uliyelea watoto, uliyeongoza kwaya, uliyepika kwa watu 200 kwenye matanga, uliyekuwa katika kamati ya wazazi wa shule, usiseme "bila kazi". Chagua yale yanayofanana na kazi unayoomba, uyaandike kwa hesabu. Ukiomba kazi ya kupika, wale watu 200 ni ushuhuda wako. Ukiomba kazi ya hesabu, waache, andika daftari.

Mpango wa ukurasa

Anayesoma dosie anazo nyingi mezani, na macho yake yamechoka. Msaidie. Kurasa mbili zinatosha, hata moja.

Juu andika majina yako kama yalivyo kwenye karta yako, mtaa unakokaa, na namba ya simu. Namba iwe ile inayoshinda imewashwa. Kama simu ni ya nyumba nzima, waambie wote kwamba unangoja mwito, kwa maana mtoto akijibu "mama hayuko" na kukata, nafasi imepita. Kama unatia anwani ya imeili, iwe yako, nawe ujue kuifungua. Dada mmoja alitumia ya mtoto wa kaka yake aliyekuwa masomoni Bukavu. Mwito ulifika, kijana akauona baada ya majuma mawili.

Halafu andika kazi, ukianza na ya sasa na kurudi nyuma. Kisha masomo, kisha mafunzo mafupi uliyopata, hata ya siku tatu, kama unalo jina la mafunzo na mwaka.

Lugha usizisahau, maana hapa kwetu ni mali. Mama wa Kalundu anaweza kusema Kiswahili, Kifuliiru, Kivira au Kibembe, Kirundi na Kifaransa kidogo, halafu kwenye CV anaandika "Kifaransa" peke yake! Tangu 2015 kuna kambi ya wakimbizi wa Burundi huko Lusenda, katika Fizi. Shirika linalofanya kazi huko linahitaji mtu anayesikilizana na mama Mrundi bila mkalimani. Andika kila lugha, na useme wazi: ninasema, ninasoma, ninaandika. Usiandike "vizuri sana" mahali ambapo siku ya testi utashindwa.

Mwisho weka watu watatu wanaoweza kukushuhudia: mkubwa wa shule, muuguzi wa kituo cha afya, rais wa chama, mchungaji au padri. Mume, kaka na binamu hawafai. Uwaombe ruhusa kwanza, na uhakikishe namba zao bado zinaita.

Yule kijana wa kompyuta

CV nyingi huku zinaombwa kwa Kifaransa, kwa hiyo wengi tunakwenda kwa vijana wanaoandika kwenye kompyuta. Wanatusaidia, hatuwasemi vibaya. Lakini kijana mwenye haraka anafungua CV ya mtu wa jana, anafuta jina, anatia lako. Katika zile dosie 19, tano zilikuwa na maneno yaleyale, mpaka kupenda mpira wa miguu. Moja ilisema mama amezaliwa 2003 na amepata diploma ya Leta 2006!

Kwa hiyo nenda na daftari yako imekwisha kuandikwa. Keti karibu naye. Akimaliza, mwambie akusomee kwa Kiswahili neno kwa neno, kabla hujalipa. Usipoelewa neno lililo katika CV yako, litoe, maana siku ya mahojiano ndilo watakalokuuliza.

Diploma iliyochukuliwa na maji

Dada yetu alikuwa na sababu nyingine ya kuandika kidogo. Mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika, nyumba yake ilikwenda na kila karatasi ndani yake. Aliona kwamba bila diploma mkononi, hana haki hata ya kuitaja.

Anayo haki. Shule ni ileile na mwaka ni uleule. Andika masomo yako kama yalivyokuwa. Kisha toa taarifa ya kupoteza karatasi kwa wakubwa wa mahali, wakupe hati. Nenda kwenye shule ulikosomea, uombe watafute jina lako kwenye daftari zao na kukuandikia atestasio. Inachukua siku nyingi, basi usingoje tangazo la kazi litoke ndipo uanze. Na kwa karatasi mlizo nazo leo: zipigeni picha kwa simu, mtume picha kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Sisi watu wa kando ya ziwa tumekwisha kuona maji yanavyofanya.

Mkiacha kazi yoyote ya mkataba, hata ya miezi mitatu, ombeni karatasi ya kuonyesha kazi mliyoifanya na muda wake. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamwamuru mwajiri kuitoa. Matangazo mengi huomba pia karta ya ONEM, ofisi ya Leta inayoandikisha watafuta kazi. Itafuteni mapema.

Mume, watoto na mimba

Je, ni lazima kuandika watoto 6? Kama tangazo halikuuliza, hapana. Idadi ya watoto haionyeshi kama unajua kazi. Sheria hiyohiyo ya kazi inakataza kumwomba mwanamke anayetafuta kazi apimwe mimba au alete karatasi ya kuonyesha kama ana mimba au hana.

Na ile barua ya ruhusa ya mume? Mama zetu waliishi chini ya sheria ya familia ya 1987, iliyomtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kwa mambo ya sheria. Sheria ya 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo, ikaweka neno la kupatana kati ya wote wawili. Kwa hiyo zungumzeni nyumbani kabla ya kupeleka dosie: nani atabaki na mtoto mdogo, nani atapika siku mama anachelewa. Mambo hayo yakiachwa mpaka siku ya kwanza ya kazi, yanaleta ugomvi.

Kazi hainunuliwi

Neno hili ni zito, nalisema kwa sababu mabinti zetu wanasoma pia. Mwaka 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya mambo yaliyofanyika Kivu ya Kaskazini na Ituri wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020. Wanawake walikuja na haja ya kazi, wakaombwa miili yao. Tume ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS, shirika la afya la dunia. Hao walikuwa watu wa kuvaa beji na kupanda magari makubwa.

Mtu akikwambia "CV yako ni nzuri, njoo tuongee jioni", huyo hasomi CV. Akikuomba pesa ili dosie ipite, vilevile. Usiende peke yako, usifute ujumbe wake, umwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo. Mashirika mengi yana namba ya kupokea malalamiko, nayo huandikwa kwenye matangazo yao. Na sisi mama, binti akija kutuambia, tusianze kwa kumwuliza alivaa nini.

Namba 11

Kazi ya chumba cha kushona ilikwenda kwa mama mwingine, naye aliistahili. Dada yetu hakulalamika, na Jumapili iliyofuata alikuja na daftari lake la AVEC kama kawaida. Aibu ilikuwa yetu, sisi tuliokaa naye miaka minne bila kumwambia hata mara moja kwamba anachofanya ni kazi.

Alhamisi iliyopita alipeleka dosie mpya mahali pengine. Tunangoja. Nimemwona ameifunga simu kwenye kitenge ili asikose mwito, hata anapogeuza ndagala.

Kwenye mkutano ujao kila mmoja alete daftari na kalamu. Tutakaa wawili wawili, mmoja aulize yale maswali matano, mwingine ajibu. Asiyejua kuandika aje pia, mwenzake atamwandikia. Nanyi mtakaouliza, msikubali jibu la "mimi sina kitu".

Mbaki na amani.