Elimu ya Mtoto Aliye Mahabusu
Wako watu wasemao kuwa mahabusu ya watoto ni mahali pa kupita tu, na kwa hiyo masomo ya mtoto aliyemo hayana budi kungoja hukumu. Neno hili si la haki. Kesi huahirishwa, utoto hauahirishwi.

Mji wa Moshi una mahabusu ya watoto, ambamo hukaa mtoto ambaye shauri lake halijakwisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hukataza kumfunga gerezani, na huitaja elimu miongoni mwa haki zake. Mlango wa mahabusu, basi, si mpaka wa haki hiyo.

Mtoto asiyesikia vema hudhaniwa jeuri. Mzito wa kusoma huitwa mvivu. Kuandika jina lake na kosa analoshtakiwa hakutoshi. Na iulizwe siku ile ile aingiapo: Je, anaona? Anasikia? Amesoma hadi wapi, na hufahamu kwa njia gani? Majibu hayo yawe mpango wa masomo yake, na mpango umfuate aendako, kwao au Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya.

Wala tusisingizie kuwa wajuzi wako mbali. Moshi ina shule ya Mwereni, ifundishayo wasioona pamoja na waonao. Na Patandi, katika njia ya Arusha, ni chuo cha walimu wa elimu maalumu. Kilichobaki ni kuwaita. Udongo uwahi ungali maji.