Mto wa mjini na mikono 4 ya kaboni



Kijana mmoja wa hapa Rugenge, wa segondari, alituletea maulizo mawili ndani ya barua moja. La kwanza: kama maji ya mto hayanuki, sababu gani wakubwa wanatukataza kuyanywa? La pili: shimi ya kaboni, ile inayotusumbua mu masomo, inasaidia nini? Tulifikiri kujibu moja mwezi huu na lingine mwezi kesho. Kumbe ni ulizo moja tu.

Miji mingi mikubwa ilizaliwa kando ya maji. Paris iko na Seine, Cairo iko na Nili, London iko na Thames. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, Mto Kongo katikati. Lubumbashi ilichukua hata jina la mto wake. Sisi wa Uvira tuko na mito inayoshuka mbio toka milima ya Mitumba mpaka ziwani: Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge. Usiione kuwa midogo. Munakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, namna Mulongwe ilivyobeba manyumba na watu, na kuharibu mitambo ya maji. Na ni mu Mulongwe hiyo Regideso inachota maji ya robine zetu.

Sasa kaboni. Kila atome ya kaboni iko na mikono 4 ya kushikia wengine. Mikono yote 4 ikishika hidrojeni, ni metane, CH4, gazi inayowaka. Kaboni zikishikana zenyewe, zinafanya mnyororo. Mnyororo wa kaboni 2, wenye oksijeni na hidrojeni mwishoni, ni alkoli, ile ya kasiksi na ya lotoko. Mnyororo wa kaboni 16 ni asidi palmitiki. Mu mawese inakaribia nusu ya mafuta yote. Mama anayepika sabuni kwa mawese na soda kostiki anafanya shimi ya kaboni kila juma, bila bluzi nyeupe ya labo, na hakuna anayemupa diplome! Zamani wataalamu waliamini vitu vya namna hii vinaweza kutoka tu ndani ya mwili wenye uhai. Mu mwaka 1828, Mjerumani Friedrich Wöhler akatengeneza ure, kitu kinachopatikana mu mkojo, ndani ya vyombo vyake tu.

Mkojo, maganda ya ndizi, maji ya sabuni, mavi ya watu na ya mbuzi: vyote vinabeba kaboni, na mu mji vyote vinatafuta njia ya kuingia mu mto. Humo vijidudu vinakula kaboni hiyo, na kwa kula vinatumia oksijeni, sawa vile sisi tunavyovuta hewa. Lakini litre moja ya maji, kwa joto la kwetu, haiwezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni. Chakula kikizidi, oksijeni inaisha. Samaki wanakufa. Kisha vinakuja vijidudu vingine, visivyohitaji oksijeni, navyo vinatoa metane na gazi ya salfa yenye harufu ya yai bovu.

Thames ilifikia hapo. Mu mwaka 1858 ilinuka hata wabunge wa London wakachovya mapazia ya madirisha mu chokaa ya klore ili waweze kukaa. Harufu ndiyo iliwasukuma kumupa injinia Joseph Bazalgette pesa ya kujenga mifereji mikubwa ya chini ya udongo. Hata hivyo, mu mwaka 1957 wataalamu walitangaza kwamba sehemu ya mto huo imekufa, haina uhai. Samaki salmoni alionekana tena mu 1974. Seine nayo, kuoga ndani yake kulikatazwa mu 1923, na watu wa Paris walifunguliwa tena mu 2025. Zaidi ya miaka 100!

Mulongwe hainuki vile, juu inaruka mawe, na kila inaporuka inakamata hewa mpya. Ndiyo jibu la nusu ya ulizo. Nusu nyingine ndiyo inaua: kijidudu cha kolera hakina harufu. Watu wa London waliamini harufu mbaya ndiyo inaleta kolera. Lakini mu 1854 munganga John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa mtaa mmoja walikunywa maji ya pompi ya Broad Street. Mama mmoja aliyehamia mbali alikuwa akiletewa maji hayo mu chupa, sababu aliyapenda kwa utamu. Akafa.

Na kwetu? Wataalamu walihesabu wagonjwa wa Uvira tangu 2009 mpaka 2014. Waliona kwamba siku ya robine kukauka kabisa, mu siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaofikiriwa kuwa na kolera wanapita mara mbili ya wale wa wakati maji yanatoka vizuri. Robine ikikauka, mabido yanaenda mtoni na ziwani.

Hapo kaboni inarudi. Klore tunayotia mu bido haichagui: inapiga kijidudu, inapiga pia uchafu wote wenye kaboni. Maji yakiwa na matope na majani, klore inamalizika juu ya majani, na kijidudu kinabaki kizima. Basi, kama hauna namna ingine: acha maji yatulie, yamimine polepole, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nyingi, kisha tia klore kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Ngoja dakika 30. Halafu nusa. Hapa pua inasaidia: ukisikia harufu kidogo ya klore, imebaki. Usiposikia kitu, uchafu umeila. Tia tena kipimo kilekile, ngoja nusu saa ingine, ndipo watoto wakunywe.