Kimya cha Mwamba

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye migodi yenye miamba ya salfaidi, methali hii ni onyo la kazini. Shimo lililochorongwa na kushindiliwa baruti asubuhi huweza kukaa kimya saa nyingi, kisha likalipuka lenyewe watu wakiwa bado juu yake. Toleo hili linahusu kimya hicho, na kipimo kinachokifichua maabarani, kwa gramu chache za jiwe.

Baruti nyingi za migodini hutengenezwa kwa amonia nitrati, ambayo wakulima huijua kama mbolea. Ikichanganywa na mafuta ya dizeli, sehemu 94 kwa 6, hukaa shimoni ikingoja fataki. Utulivu huo hupotea inapokutana na pairaiti, salfaidi ya chuma, yaani madini ya chuma na salfa. Pairaiti ikipata hewa na unyevu huoza, ikatoa asidi na chumvi za chuma. Hizo huishambulia nitrati, joto hupanda, na joto hilohilo huzidisha mashambulizi. Mwanzoni hakuna dalili yoyote, ndiyo maana jicho la mzoefu halitoshi.

Australia ililijua hili mapema, katika miamba ya Mount Isa na katika mwamba mweusi wa McRae kwenye mgodi wa Mount Whaleback. Mwongozo wa AEISG, umoja wa sekta ya vilipuzi nchini humo, umeweka kipimo chepesi kueleweka. Jiwe husagwa, huchanganywa na nitrati ya uzito uleule, hutiwa maji yenye salfeti za chuma ili kuiga jiwe lililokwisha kuoza, kisha huwekwa katika joto lisilobadilika, kwa kawaida nyuzi 55 za Selsiasi. Mchanganyiko ukijipandisha joto kwa nyuzi 2 au zaidi, au ukitoa mapovu na moshi wa kahawia, mwamba huo ni hasimu wa nitrati.

Hoja yetu ni kwamba kipimo hiki huanzia mkononi mwa anayeokota jiwe. Pairaiti haikutandazwa sawasawa. Hujikusanya katika mikanda, mingine myembamba kuliko kiganja. Anayechukua sampuli palipo rahisi kufika ameshaandika jibu kabla ya maabara kufunguliwa. Jiwe moja likichachamaa, mwamba wote wa aina yake ushukiwe. Jiwe moja likitulia, limejisemea lenyewe tu. Mgodi nao husonga mbele kila wiki na kufungua mwamba mpya, kwa hiyo cheti cha mwaka juzi hakimlindi anayejaza shimo leo.

Msomaji wa Tanzania asione haya ni ya mbali. Mwaka 2017, usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, kwenda nje ulipozuiwa, nchi nzima ilijifunza kuwa dhahabu ya mgodi wa Bulyanhulu hutoka pamoja na shaba. Shaba hiyo imo ndani ya salfaidi, na salfaidi mara nyingi huandamana na pairaiti. Hatusemi kwamba kila mwamba wa huko ni hasimu. Tunasema swali ni letu pia.

Tiba ipo. Urea, mbolea nyingine ya mkulima, ikitiwa kwenye baruti huuzima mmenyuko ungali mchanga. Mifuko ya plastiki huitenga baruti na kuta za shimo. Unga uliotoka kwenye uchorongaji usitumike kuzibia shimo, wala baruti isilazwe ardhini kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Lakini hata baruti yenye urea lazima ijaribiwe na mwamba uleule itakaolala nao, kwa muda unaozidi ule itakaokaa shimoni.

Tunalodai ni hili: jibu la kipimo lisiishie kwenye faili la ofisi. Liandikwe kwenye karatasi ya kazi ya siku, kwa Kiswahili, na lisomwe kwa sauti pale machimboni kabla mfuko wa kwanza wa baruti haujafunguliwa. Anayeinama juu ya shimo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua limechimbwa katika mwamba gani.