Usingojee dekonti

Bandugu bijana ba Lubumbashi,

Kila asubui hapa Makomeno tunaonaka vijana wenye kuvaa kaske na jile, wanangojea bisi ya kampuni. Saa kumi na moja, giza bado iko. Tunawapongeza, juu kupata kazi mu huu muji si kitu kidogo. Lakini tuko na swali moja, na hatuulizi kwa ubaya: kontra yako inaisha mwezi gani, na kisha ule mwezi utakula nini?

Bengi wanacheka. "Yaya, acha nipate kwanza, ya kesho Mungu anajua." Sisi pia tunajua kama Mungu anajua. Ila bazazi betu walisema vile vile.

Union Minière ilianza mu 1906. Kampuni ilikuwa baba: nyumba yake, posho yake, lopitali yake, masomo ya batoto yake. Mu 1967 serikali ikaichukua, jina ikageuka mpaka kuwa Gécamines, lakini desturi ya kungojea baba ikabaki. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Nani, mu ule mwaka, angemuambia mfanyakazi apange maisha bila kampuni? Wangemuita mulozi. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, kukaja uporaji na vurugu za siasa, na mu 1994 shaba haikufika hata tani 40,000. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU alitosha kitabu mu 2001. Kichwa chake kinasema Bana Shaba abandonnés par leur père, ni kusema watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Kisha ikakuja Départs Volontaires, 2003 na 2004. Benki ya Dunia ilileta feza, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka. Bengi walikuwa na miezi na miezi bila mushahara. Siku ya kupokea, mutu alishika mu mukono dola zenye hakuwahi kushika. Wengine walizimaliza kwa madeni ya butiki, minervali na dawa. Wengine walinunua magari na mafriji.

Tunasikiaka vijana wanachekelea hawa bazee: "Walikula dekonti na pombe." Tuachane na hiyo. Mutu mwenye alipewa unga na kampuni miaka makumi tatu, nani alimufundisha kuhesabu unga? Na kama wengine mpaka leo wanadai haki yao, si bure.

Papa moja wa avenue yetu alinielezea yake. Kisha kuacha kazi, alinunua gari ya okazioni ifanye taksi. Shofere alikuwa mtoto wa ndugu yake, basi hesabu ya jioni ilikuwa ya kindugu pia. Motere ikakufa mbele ya mwaka kuisha. Bibi yake, kimya kimya, alikuwa amechukua kiasi kidogo, akapata shamba njia ya Kasenga, akalima mahindi, akaanza kuuzisha unga. Ni ule unga njo ulisomesha batoto. Yule mama hakusoma ekonomi. Alijiuliza tu: hii feza ikiisha, nini itabaki yenye kuzaa?

Leo hakuna hata posho. Kijana anatumika kwa su-tretansi, miezi tatu, miezi sita, kontra inafanywa upya ao haifanywi. Na bei inaamuliwa mbali. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, juu bei ya kobalti ilianguka sana, serikali ilisimamisha kuitosha inje ya inchi kwa miezi minne. Ikaongeza tena mingine, na mwezi wa kumi ikaleta kota. Hakuna mwenye alikuja Makomeno kukuuliza kama ulikuwa umelipa nyumba.

Kwa hiyo usipange kwa ndoto, panga kwa tarehe. Kama kontra iko ya miezi sita, hesabu miezi tisa ya kula. Likelemba ni muzuri, lakini zamu yako ikifika usigeuze yote kuwa telefone. Jifunze kitu chenye haitegemee geti ya kampuni: sudire, kushona, frigo, kufuga kuku. Kama uko manseba, jua siku pikipiki itakuwa imelipwa, na iandike.

Na serikali nayo ipange, juu mutu moja hawezi kuziba shimo yenye kampuni nzima ilichimba. Sheria ya madini yenye ilirekebishwa mu 2018 inasema kwamba 10% ya ushuru wenye kampuni zinalipa juu ya madini iende mu mfuko wa vizazi vijavyo. Ni kusema serikali yenyewe iliandika kama hii shaba na kobalti vitaisha siku moja. Hivyo vizazi vijavyo ni batoto ba hawa wanaongojea bisi. Tuko na haki ya kuuliza: kuko ngapi mu ule mfuko? Inatumika namna gani? Nani anahesabu? Ule ushuru tena, 15% yake ni ya komine na sekta zenye kuwa na migodi. Tuulize kwa sauti, na kwa maandishi, badeputé wenye walikuja kutuomba sauti.

Leo mangaribi, ukirudia nyumbani, toa kontra yako pale uliifichaka na usome ukurasa wa mwisho, pale tarehe iko.