Darubini ya picha: msikimbilie kubwa

Wadau, mwaniuliza ninunue ipi ya kupigia picha nyota? Wengi mwataka ile ya vioo, inchi 8. Mimi ninayo, na najuta.

Likoni taa zimezidi, kwa hivyo naipakia kwenye matatu hadi Kwale. Mashimo ya barabara yanavuruga vioo. Nikifika nalenga nyota, naitoa fokasi iwe miduara, nazungusha skrubu hadi kivuli kikae katikati. Nikikosea, nyota pichani zaota mikia. Nikimaliza, mawingu hayo!

Anzeni na ndogo ya lenzi, milimita 80. Kwa kawaida huja imeshalinganishwa kiwandani. Pesa iliyobaki itieni kwenye stendi inayofuata nyota. Ila ulizeni kwanza: yashuka hadi nyuzi 4, latitudo yetu? Nyingi hazishuki.